Kamera ya Mtoto Asiyetulia: Mwongozo Kamili kwa Mzazi wa Tanga

Ukiingia duka la kamera ukasema unataka kumpiga picha mwanao, swali la kwanza utakaloulizwa ni una bajeti ya shilingi ngapi. Bajeti ina nafasi yake na tutaifikia. Lakini swali linalopaswa kutangulia ni hili: mtoto anacheza wapi, na saa ngapi? Wa miaka 2 anayezunguka sebuleni Makorora baada ya magharibi anahitaji vifaa tofauti na wa miaka 6 anayecheza chandimu uwanjani saa kumi jioni. Na wote wawili wako mbali na yule anayeshinda majini Raskazone kila Jumapili.

Ushauri wangu ni mmoja na nitausimamia: kwa mtoto asiyetulia, anza na lenzi, fuata bodi (kamera yenyewe bila lenzi) inayokamata fokasi, yaani makali ya picha, haraka, na megapikseli ziache nyuma kabisa. Wazazi wengi huenda kinyume. Fedha yote inaishia kwenye bodi mpya yenye namba kubwa, lenzi inabaki ile iliyokuja ndani ya boksi, na picha za ndani zikitoka zimevutika wanaamini kamera ni mbovu.

Hatua ya 1: Zisome picha zako zilizoharibika

Kabla ya kwenda dukani fungua simu yako, rudi nyuma miezi miwili mitatu, tafuta picha za mtoto ulizotaka kuzifuta. Usizifute kwanza, maana ndizo zitakazokuambia unahitaji nini. Karibu zote zitaangukia kwenye makundi manne.

Kundi la kwanza: mkeka, kochi na ukuta vimetoka safi, ila mtoto ameacha mkia. Hapo shata, yaani pazia la ndani linalofunguka kupitisha mwanga, ilikaa wazi muda mrefu mno kwa kuwa mwanga ulikuwa hafifu. Simu za kisasa, zikiona giza, hupiga picha kadhaa na kuziunganisha kuwa moja. Kwa sahani ya pilau mezani njia hiyo inafanya kazi vizuri sana. Kwa mtoto anayeruka kitandani haifanyi. Dawa yake ni lenzi yenye tundu kubwa.

Kundi la pili: uso wa mtoto umefifia, lakini mnazi ulio nyuma yake unaweza kuuhesabu makuti. Fokasi imeshika mahali pasipotakiwa. Dawa ni bodi yenye fokasi inayomtambua na kumfuata mtu.

Kundi la tatu: picha ni safi, tatizo mtoto keshatoka. Umebaki mguu pembeni, au kisogo. Kamera imechelewa kati ya kubofya na kupiga, na huu ndio ugonjwa wa kamera ndogo nyingi za bei rahisi, hasa zile za zamani.

Kundi la nne: uso mweusi tii, bahari nyuma yake nyeupe pee. Kwetu pwani hili hutokea sana, na hakuna kamera utakayoinunua ikaliondoa yenyewe tu. Kamera ikiona maji yanayong'aa hupunguza mwanga wa picha nzima, na ngozi nyeusi ndiyo inayoumia. Dawa ni kitufe chenye alama za kujumlisha na kutoa, nitakieleza huko chini. Kama picha zako nyingi ziko kundi hili na zilipigwa mchana, tunza fedha yako, jifunze kwanza kitufe hicho. Hata simu nyingi zinakuruhusu kugusa uso wa mtoto kwenye skrini na kupandisha mwanga kwa kidole.

Andika ni kundi lipi limezidi. Pembeni andika mahali, saa, na umbali uliokuwapo kati yako na mtoto. Karatasi hiyo ndiyo ya kwenda nayo dukani.

Hatua ya 2: Jua kasi anayoihitaji

Chukua mtoto anayekimbia mita 3 kwa sekunde, mbio za kawaida kabisa za uani. Shata ikikaa wazi 1/60 ya sekunde, mwili wake unasogea sentimita 5 wakati picha inapigwa. Hapo hupati uso. Kwa 1/500 anasogea milimita 6, kwa 1/1000 milimita 3. Mikono na miguu huenda kasi kuliko kiwiliwili, ndiyo maana uso unaweza kutoka vizuri na vidole vikapotea. Mimi sioni kasoro hapo. Mkono uliovutika kidogo unaonyesha kwamba mtoto alikuwa anapunga kweli.

Kwa matumizi ya kila siku: 1/125 kwa mtoto aliyekaa anakula au anachora, 1/250 kwa anayetembea, 1/500 kwa anayekimbia, aliye kwenye bembea au baiskeli, na 1/1000 kwa kuruka kamba, kucheza rede, au kujirusha majini.

Hapa lazima nitaje jambo ambalo wauzaji wengi hulipita. Watakuonyesha lenzi yenye herufi IS au VR na kukuambia hiyo haitikisiki. Ni kweli, lakini kinachotulizwa ni mkono wako wewe. Mtoto hatulizwi na lenzi. Kizuia mtikisiko kinasaidia ukipiga picha ya nyumba jioni, au mtoto aliyelala. Kwa anayekimbia, kinachosaidia ni kasi ya shata, na kasi ya shata inataka mwanga.

Hatua ya 3: Chagua lenzi kabla ya bodi

Kila lenzi ina namba ya f. Namba ikiwa ndogo, tundu ni kubwa na mwanga unaoingia ni mwingi. Lenzi ya milimita 18-55 inayokuja na kamera nyingi hufika f/3.5 ukiwa hujavuta, na f/5.6 ukivuta mpaka mwisho. Lenzi ya milimita 50 yenye f/1.8 inaingiza mwanga karibu mara 10 ya ile f/5.6.

Mara 10 hiyo maana yake nini sebuleni? Tuseme usiku, taa moja ya dari, unataka 1/125. Pale ambapo f/1.8 itaridhika na ISO 1600, f/5.6 itadai kama ISO 16,000. ISO ni kiasi ambacho kamera inakuza mwanga mchache ilioupata, na kadiri inavyopanda ndivyo picha inavyojaa chembechembe na rangi ya ngozi kuchujuka. Kwenye 1600 kamera yoyote ya miaka kumi ya karibuni hutoa picha ya kutundika ukutani. Kwenye 16,000 nyingi zinahema.

Nje mambo yanageuka. Jua la saa saba mchana ufukweni, kwa f/5.6 na ISO 100, linakupa shata ya karibu 1/800. Panda ISO 200 unafika 1/1600. Kwa hiyo ile lenzi ya boksini, inayodharauliwa sana, mchana wa Tanga inatosha kabisa. Kama karatasi yako inaonyesha mtoto anacheza nje kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, usinunue lenzi nyingine mwaka huu. Kama picha zako ni za ndani, barazani baada ya alasiri kupita, au sikukuu ya Idi ndugu wamejaa sebuleni, nunua lenzi ya f/1.8 hata ikibidi ushushe daraja la bodi.

Sasa, lenzi ya milimita 50 au 35? Hii inategemea ukubwa wa sensa, yaani kile kibamba cha ndani kinachopokea mwanga. Kamera nyingi za bei ya kati zina sensa ya APS-C, yenye upana wa milimita 22 hadi 24 hivi, wakati sensa kamili ina milimita 36. Kwenye APS-C lenzi ya 50 inaona eneo dogo, sawa na lenzi ya 75 hadi 80 kwenye sensa kamili. Katika vyumba vyetu vya kawaida utarudi nyuma mpaka mgongo uguse ukuta, na mtoto bado hajaenea kwenye picha. Ndani ya nyumba chukua 35, na kama ni Nikon ya DSLR basi AF-S DX 35mm f/1.8G imetengenezwa hasa kwa sensa hiyo. Kwa Canon kuna EF-S 24mm f/2.8 STM, nyembamba na nyepesi, ingawa f/2.8 haiingizi mwanga kama f/1.8. Hamsini iweke kwa uani, barazani na ufukweni, na hapo ni lenzi nzuri mno kwa fedha yake. Canon EF 50mm f/1.8 STM ya mwaka 2015 ina gramu 160 tu hivi.

Onyo moja la f/1.8. Kwa lenzi ya 50 kwenye APS-C, mtoto akiwa mita 2 kutoka kwako, eneo linalotoka kwa makali lina kina cha kama sentimita 11. Mtoto anayekuja mbio analivuka chini ya 1/25 ya sekunde. Tundu kubwa kabisa liache kwa giza. Nje kwenye mwanga rudi f/4, kina kinazidi maradufu na picha zinazofaa zinaongezeka mara moja.

Lenzi ndefu, kama 55-250 ya Canon au 70-300 ya Nikon, ni za mpira, mashindano ya shule na watoto wakubwa wasiotaka mzazi awasogelee. Mchana tu. Magharibi ikikaribia zinakwisha nguvu.

Hatua ya 4: Sasa bodi

Kuna koo mbili. DSLR ina kioo ndani kinachopeleka picha kwenye kidirisha cha kuchungulia. Nyingine haina kioo hicho, na dukani utaisikia ikiitwa mirolesi. Hii hutazama kupitia sensa yenyewe muda wote, na zile mpya zinautambua uso na jicho popote vilipo kwenye picha na kuvifuata. Kwa mtoto asiyetulia, hilo la kufuata jicho ndilo ambalo ningelilipia.

DSLR za bei nafuu si mbaya, mradi ujue mipaka yake. Ukiweka jicho kwenye kidirisha, fokasi ni ya haraka. Ukiishika mbele yako ukatazama skrini, kama tulivyozoea simu, nyingi zinageuka nzito: Canon 2000D na 4000D, Nikon D3500 na D5600, zote kwa skrini hupapasa mpaka mtoto ameondoka. Canon ilianza kutatua hilo mwaka 2013 kwa mfumo wake wa Dual Pixel kwenye 70D, na mwaka 2017 ikauingiza kwenye 200D, bodi ndogo ya gramu 450 hivi ikiwa na betri. Ndiyo maana kama ni DSLR ya mtumba kwa mzazi, mimi humtuma kwenye 200D. Soko la Japani inaitwa Kiss X9, Marekani Rebel SL2, kwa hiyo ukiiona kwa majina hayo usiipite.

Nikon D3500 ya 2018 ina sifa ya betri: kwa kipimo cha kiwanda hufika picha 1,550 kwa chaji moja, na siku umeme unapokatika utaishukuru. Lakini ndani ya bodi haina mota ya kuendesha fokasi, hivyo inataka lenzi za AF-S au AF-P, zenye mota ndani yake. Ukiuziwa lenzi ya zamani ya 50mm f/1.8D kwa bei ya kutupa, itaingia vizuri kwenye bodi, kisha utazungusha fokasi kwa mkono huku mtoto anakimbia.

Canon 4000D utaiona sana kwa kuwa bei yake ni ya chini. Ina pointi 9 za fokasi, picha 3 kwa sekunde, na pete ya kufungia lenzi ni ya plastiki. Kwa mtoto anayetulia ingefaa. Kwa wako, bora mtumba wa daraja la juu kuliko 4000D mpya.

Upande wa mirolesi, Sony a6000 ya 2014 bado ina mbio, picha 11 kwa sekunde, na mitumba yake ni mingi. a6400 ya 2019 iko mbali zaidi kwa kulifuata jicho. Kuwa makini na Sony zilizotoka Japani: nyingi zina menyu ya Kijapani peke yake na hakuna mahali pa kubadilisha lugha. Canon R50 ya 2023 ni nyepesi, gramu 375 pamoja na betri, inamtambua mtu na kumfuata bila wewe kuhangaika, na kama mfuko unaruhusu ndiyo ningemnunulia dada yangu. Dada yake mdogo, R100 ya mwaka huohuo, skrini yake haikunjuki na haiguswi. Hilo laweza kuonekana dogo, lakini picha nzuri za watoto hupigwa usawa wa macho yao, na skrini inayokunjuka inakuepusha kulala mchangani. Canon M50 ya 2018 inafokasi vizuri, ila Canon imeshafunga ukoo huo wa M, hivyo lenzi zake ni zilizokwishatoka tu.

Kidirisha cha kuchungulia kisikosekane. Jua la Raskazone likipiga skrini huoni kitu. Kasi ya picha 5 kwa sekunde inatosha. Zaidi ya hapo unajiongezea kazi ya kuchagua usiku.

Na yule wa majini? Kama anaishi kwenye maji, achana na yote haya. Tafuta kamera isiyoingia maji kama Olympus TG-6 ya 2019, inayohimili kina cha mita 15, lenzi yake ikianzia f/2.0. Sensa yake ni ndogo na ndani ya nyumba usiku haitakufaa, lakini unaweza kuingia nayo baharini, ukirudi unaiosha kwa maji baridi ya bomba. Hakuna DSLR ya bei hiyo itakayokuvumilia hivyo.

Kuhusu kugawa fedha: sehemu mbili bodi, sehemu moja lenzi, memori kadi na betri ya akiba. Bodi chukua ya mtumba bila wasiwasi. Lenzi, ukiweza, chukua mpya, kwa sababu nitakayoieleza sasa hivi.

Hatua ya 5: Pima kabla ya kulipa

Wengi wetu hununua Kariakoo, mwendo wa kilomita kama 350 kutoka hapa. Kutuma fedha na kusubiri mzigo kwa basi ni rahisi, kurudisha mzigo mbovu si rahisi. Nenda mwenyewe, au mtume mtu unayemwamini akiwa na orodha hii.

Weka fokasi ya kufuata, kwenye Canon inaitwa Servo, kwenye Nikon na Sony AF-C. Omba kijana wa dukani aje kwako akitembea haraka kutoka mita 4 hadi mita 1, wewe ukipiga mfululizo picha 10. Fanya hivyo mlangoni au kwenye veranda yenye kivuli, mwanga ukiwa nyuma yake. Usikubali kupimia chini ya taa kali za kaunta, hapo kila kamera inang'ara, na mtoto wako hachezi chini ya taa za kaunta. Kisha kuza picha moja moja mpaka kwenye jicho. Zikiwa safi 6 au 7, bodi hiyo ina kazi. Zikiwa 2, mshukuru muuzaji uendelee na safari.

Kwa mtumba ongeza haya. Toa lenzi, washa tochi ya simu, mulika kwa upande mmoja uchungulie kwa upande wa pili. Ukiona nyuzi nyembamba zilizotawanyika kama utando wa buibui, hiyo ni kuvu. Iache, hata wakisema inafutika kwa kitambaa, maana iko ndani, na hewa ya Tanga itailisha. Hii ndiyo sababu ya kununua lenzi mpya: pwani, maradhi ya kamera huanzia kwenye vioo. Tazama skrubu za chini, na chuma cha juu pa kuchomeka flashi: kutu au ukijani ni dalili kwamba kamera iliishi karibu na chumvi bila kufutwa. Piga ukuta mweupe kwa f/16 uone kama kuna madoa meusi. Vumbi linasafishika, mkwaruzo wa sensa hausafishiki. Kwa Nikon unaweza kusoma idadi ya mibofyo kutoka kwenye picha yenyewe kwa programu za bure. Shata ya bodi za daraja hili hukadiriwa kwa mibofyo kama 100,000, hivyo yenye 15,000 bado mbichi na yenye 90,000 iombewe punguzo kubwa.

Dai risiti ya EFD, na hakikisha namba iliyochapwa chini ya bodi imeandikwa kwenye risiti. Kamera za wizi zipo, na hutaki kuwa wewe unayeulizwa.

Memori kadi za bandia ni nyingi kuliko kamera mbovu. Kadi imeandikwa 128 lakini ndani ina 8, na picha za baadaye zinapotea kimyakimya. Ijaze yote siku ya kwanza kwa video isiyo na maana, kisha uitazame video hiyo mpaka mwisho kwenye kompyuta. Usisubiri kugundua siku ya Idi.

Hatua ya 6: Panga kamera mara moja, kisha iache

Geuza kidude cha juu kwenye Tv kwa Canon, au S kwa Nikon na Sony. Weka 1/500. ISO iwe ya kujipanga yenyewe, kikomo 6400. Fokasi ya kufuata, utambuzi wa uso na jicho uwashwe kama upo, upigaji wa mfululizo. Kwa mpangilio huo unaweza kuitoa kamera begini na kupiga ndani ya sekunde mbili, na kwa watoto sekunde mbili ndizo unazopewa. Ukiingia ndani, shusha hadi 1/125 au 1/200.

Sasa kile kitufe cha kujumlisha na kutoa. Kamera hupima mwanga kwa kudhani kwamba picha nzima, ukiichanganya, itatoa kijivu cha kati. Mtoto akienda madrasa amevaa kanzu nyeupe na kofia nyeupe, akiwa amejaza picha, kamera itauona weupe mwingi na kuushusha, uso wake ukazama. Jumlisha 0.7 hadi 1. Mtoto akiwa na bahari au mbingu nyuma, jumlisha 1, hata zaidi. Mbingu ikiungua ikawa nyeupe tupu hakuna hasara kubwa. Uso wa mtoto ndio uliokuja kuupiga.

Jua letu lina tabia zake. Mchana liko utosini, macho yanageuka mashimo meusi, kwa hiyo mpeleke kwenye kivuli cha mwembe au baraza, uso ukitazama upande wa wazi. Kuanzia saa kumi na nusu jioni ndipo mwanga unapolala. Kwenye fukwe zinazotazama mashariki, kama za kuelekea Pangani, jioni wewe kaa upande wa nchi kavu na mtoto awe upande wa maji: jua linamwangaza usoni na bahari inabaki nyuma yake. Asubuhi ni kinyume chake. Na usichelewe, maana huku kwetu jua linashuka wima, likishazama una dakika ishirini na kitu kabla ya giza.

Ndani ya nyumba, taa za LED zinaweza kuchora mistari myeusi ikiwa umewasha shata ya kielektroniki, ile isiyo na mlio. Umeme wetu ni wa hezi 50, taa nyingi humemeta mara 100 kwa sekunde, na shata hiyo huyanasa mameto. Rudi kwenye shata ya kawaida, na kasi isizidi 1/100 mistari ikiwa bado inaonekana. Flashi ya juu ya kamera, kwa maoni yangu, iache imelala: inamulika mita 3 hivi na kumfanya mtoto afumbe macho.

Mkienda mapango ya Amboni, kilomita kama 8 kaskazini mwa mji, mpige mlangoni ambapo mwanga wa nje unamfikia. Ndani kabisa hata f/1.8 haitamweza anayekimbia.

Hatua ya 7: Ilinde na Tanga

Unyevu wa pwani huua lenzi polepole bila kelele. Usihifadhi kamera ndani ya begi lake, wala kabatini kwenye nguo. Tafuta boksi la plastiki lenye mfuniko unaobana, lile la kuhifadhia chakula, tia vile vifuko vyeupe vinavyonyonya unyevu vinavyopatikana kwenye boksi za viatu, vingi, na kipima unyevu kidogo ukikipata. Asilimia 40 hadi 50 ndiyo salama. Vifuko vikichoka vibadilishe, hasa masika. Dawa nyingine ya kuvu ni kuitumia kamera, maana lenzi inayotoka nje kupata hewa na mwanga mara kwa mara hupata kuvu kwa shida.

Ukitoka chumba chenye kiyoyozi kwenda nje, lenzi itafunikwa na mvuke. Iache ndani ya begi lililofungwa kama nusu saa ipate joto taratibu. Ufukweni usibadilishe lenzi, upepo wa kusi hauchagui. Ukirudi, pangusa bodi kwa kitambaa kilicholoweshwa kidogo maji safi na kukamuliwa, kisha kikavu. Chumvi ikikaa usiku mmoja tu inaanza kazi. Lenzi ipulizie kwanza, ndipo uifute: mchanga uliobaki ukisuguliwa unakwaruza kioo.

Picha zenyewe nazo zinataka ulinzi. WhatsApp huzibana, kwa hiyo kwa bibi yake aliyeko Muheza zitume kama hati ili azisafishe studio zikiwa kamili. Ukizirusha mitandaoni, kagua kwanza kama jina la shule halionekani kwenye sare. Nakili kila mwezi sehemu mbili tofauti, kompyuta na diski ya nje, na moja ya hizo ikae nyumba nyingine. Ukishahakikisha zinafunguka kotekote, ndipo uifute kadi, na uifutie ndani ya kamera yenyewe kwa kuformati, si kwenye kompyuta.